Logi ya kuwasha programu imejaa "kifaa hakikupatikana", niipunguzeje?

Mtafuta_Njia:
Wakuu, naombeni ushauri. Nina programu inayosoma vipimo kutoka kwenye vifaa vinavyochomekwa kwenye kompyuta. Ikiwashwa tu, inapita poti zote za siriali (milango ya kuunganishia vifaa), na kila poti inajaribiwa kwa kila draiva (programu ndogo ya kuwasiliana na kifaa) iliyomo. Draiva isipopata jibu inaandika onyo. Basi logi (rekodi ya matukio ya programu) inafurika maonyo kabla kazi haijaanza, ilhali kila kitu ni kizima. Kibaya zaidi, hitilafu ya kweli inazama humohumo na hakuna anayeiona. Niifute tu hiyo mistari?

Draiva_Safi:
Usifute mkuu, ishushe ngazi. Kugonga poti ukakosa jibu si hitilafu, ndivyo utambuzi unavyofanya kazi. Kila jaribio liende ngazi ya debagi (ya chini kabisa, ya kuchunguzia matatizo), kisha mwishoni andika mstari mmoja wa taarifa: vifaa vilivyopatikana na poti zake. Kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux ilisumbuliwa na jambo hilihili. Draiva ikikuta kitu inachokitegemea hakijawa tayari, inarudisha EPROBE_DEFER ili ijaribiwe tena baadaye, na draiva nyingi zilikuwa zikiandika kosa kila mara. Toleo la 5.9, mwaka 2020, likaleta fanksheni ya dev_err_probe(): sababu ikiwa ni hiyo, ujumbe unaenda debagi, ikiwa nyingine, unaandikwa kama kosa. Msimbo mfupi sana, usome.

Mlinzi_wa_Seva:
Sawa, ila debagi isizimwe kabisa. Mtumiaji akiwa mbali utamwambia awashe upya na debagi, na tatizo lisijirudie. Skrini ipate taarifa na vilivyo juu yake. Faili lipate yote, liwekewe kikomo cha ukubwa. Hata Linux, ukiiwasha na chaguo la "quiet" inapunguza maneno kwenye skrini tu, dmesg (amri ya kusoma ujumbe wa kerneli) bado inayo.

Mtafuta_Njia:
Nimewaelewa, asanteni sana. Na kifaa alichokitaja mtumiaji mwenyewe kwenye mipangilio, kisipopatikana?

Draiva_Safi:
Hapo ni kosa, na liandikwe waziwazi pamoja na jina la poti na sababu. Vivyo hivyo ukinyimwa ruhusa (EACCES) au poti ikiwa imeshikwa na programu nyingine (EBUSY), hata kama hakuna aliyekitaja. Kifaa huenda kipo, programu yako ndiyo haikifikii. Usiyachanganye hayo na poti tupu.