Mrejesho: Jason-3 kupishana na kipima maji cha pwani

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini usawa wa bahari unaopimwa na rada ya Jason-3 (setilaiti ya kupima kimo cha bahari) haulingani na kipima maji cha pwani. Ushauri wa kuachana na radiomita ya setilaiti (kifaa kinachokadiria mvuke wa angani, ambao huchelewesha mawimbi ya rada) karibu na nchi kavu ndio uliozaa matunda: eneo inalosoma ni pana, likigusa ardhi makadirio ya mvuke yanaharibika. Badala yake nimechukua ucheleweshaji wa mawimbi ya redio kutoka kituo cha GPS jirani, na mtawanyiko wa tofauti umepungua sana. Aliyenielekeza kwenye kazi za Corsica, kisiwa cha Ufaransa ambako vipimo vya setilaiti hizi huhakikiwa, ubarikiwe. Kupima mteremko wa jioidi (umbo la usawa wa bahari linalotokana na mvutano wa dunia) kutoka kwenye kipima maji hadi kwenye njia ya setilaiti kumeondoa sehemu kubwa ya tofauti iliyobaki. Bahari ikichafuka bado namba zinayumba, marekebisho ya athari za mawimbi ya bahari kwenye rada hayajakaa sawa. Siku hizo nimeziweka kando. Asanteni sana.