Meza ya kufanyia kazi ya kukodi kwa siku hapa Mombasa, niangalie nini?

msafiri_wa_SGR: Salaam wandugu, kila mwezi nakuja kikazi siku tatu nne, nataka pahali pa kukodi meza, juzi nilipokaa stima ilipotea katikati ya Zoom, jenereta hakuna, nikabaki na skrini iliyoganda mteja kafungua mdomo.

mkaazi_nyali: Pole sana. Uliza jenereta kabla ya bei, na spidi ya waifai uipime ukiwa kwenye meza yenyewe si pale mapokezi. AC pia, joto la Februari mwalijua wenyewe.

wa_mvita: Kama wateja wako wako town usikodi Nyali, jioni kwenye foleni ya daraja la Nyali utakaa sana. Likoni nako ni kuvuka kwa feri, bora Tudor, iko huku huku kisiwani na town.

msafiri_wa_SGR: Shukran, kupimia mezani sikuwahi kufikiria kabisa.