Mjadala: Ni haki kumfungia mtu gemu kwa sababu anatumia Linux?

Mleta mada:
Wakuu, Valve, wenye duka la gemu la Steam, walitoa Steam Deck Februari 2022, kompyuta ya gemu ya kushika mkononi. Ndani ina SteamOS, yaani Linux (mfumo endeshi huria, mbadala wa Windows) ya ukoo wa Arch, na gemu nyingi za Windows zinacheza humo kupitia Proton, programu ya Valve inayoziwezesha gemu za Windows kukimbia kwenye Linux. Sasa Oktoba 2024 EA, kampuni yenye gemu ya risasi ya mtandaoni Apex Legends, wakaifungia Linux yote isiingie humo. Mtu alikuwa anacheza kitandani kwake, kesho yake haingii. Mwezi mmoja kabla, GTA Online ya kampuni ya Rockstar iliwekewa BattlEye, programu ya kuzuia wanaochiti, watu wa Deck wakabaki nje. Mimi naita huu uonevu. Karibuni.

Mchangiaji 1:
Uonevu upi? Wewe unacheza kupumzisha akili, sisi wa mechi za kupanda daraja ndio tunaoumia. Mtu anayechiti anakuona nyuma ya ukuta, anakulaza kabla hujageuka. EA walieleza: wanaochiti walijificha kwenye Linux, na hakukuwa na njia ya uhakika ya kutofautisha Deck halisi na kompyuta inayojifanya Deck. Keneli ya Linux, kile kiini cha mfumo kinachotawala mashine yote, unaifumua na kuijenga upya utakavyo. Mlinzi atalinda nini kama mwenye nyumba ndiye fundi wa kufuli?

Mchangiaji 2:
Mfano wa kufuli mtamu, ila kwa GTA hausimami. BattlEye inakubali Proton tangu 2021, mwenye gemu anachotakiwa ni kuomba iwashwe. Rockstar hawakuomba, halafu wakasema Deck ndiyo haiwezi. Na huko Windows hakuna wanaochiti? Tusitaniane.

Mchangiaji 3:
Mie hofu yangu iko kwingine. Vanguard, mlinzi dhidi ya wanaochiti wa kampuni ya gemu ya Riot, inaamka pamoja na Windows, inakaa kwenye keneli kabla hujafungua gemu yoyote. Julai 2024 sasisho moja bovu la CrowdStrike, programu ya usalama inayokaa huko huko, liliangusha kompyuta milioni 8.5. Haikuwa gemu, najua. Ila mashine ninayochezea ndiyo hiyo hiyo ninayotunzia mafaili ya wateja.

Mchangiaji 1:
Basi cheza gemu nyingine. Au weka Windows kwenye hiyo Deck, Valve wenyewe wametoa draiva, programu za kuifanya Windows ielewane na mashine hiyo.

Mleta mada:
Mkuu, nilichokinunulia ni SteamOS. Nabonyeza kitufe inalala katikati ya mchezo, naiamsha naendelea nilipoishia. Na msiniambie Apex ni ya bure, mavazi ya wahusika watu wameyalipia. Tukutane katikati: Linux izuiwe mechi za daraja, iachiwe za kawaida.

Mchangiaji 1:
Za kawaida sawa, lakini mchezeshwe wenyewe kwa wenyewe. Nikikutana na mmoja wenu kwenye mechi yangu, natoka.

Mchangiaji 2:
Wenyewe kwa wenyewe usiku wa manane tutakaa dakika ishirini tukisubiri mechi ijae. Hiyo si kufungiwa kwa adabu tu?