Madaktari tupeane uzoefu: mafunzo gani yalibadilisha kweli mkono wako wodini?

Nyundo ya Goti:

Wakuu, poleni na kazi. Kila mwaka tunahangaikia pointi za CPD, yaani mafunzo endelevu ya kitaaluma, ili leseni zihuishwe, na kila mwaka mazungumzo yetu yanaishia hapohapo: una ngapi, umebakiza ngapi, kongamano lipi linatoa nyingi kwa siku moja. Leo naomba tuziweke pointi kando. Kila mmoja alete kitu kimoja tu alichojifunza kwenye semina, kikao cha chama au kozi fupi, akakitumia kwa mgonjwa wiki ileile, na mpaka leo anakitumia.

Naanza mimi. Nilipotoka chuo, kifafa cha mimba nilikitibu kwa dayazepamu, kama nilivyomwona bingwa wangu akifanya. Mama akidegedeka, sindano. Akidegedeka tena, nyingine. Wengine walilala mno hadi kupumua kukawa kwa shida. Wakati huo utafiti wa mwaka 1995 ulikuwa umeshaonyesha kwamba magnesiamu salfeti inazuia degedege kurudi kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na dayazepamu. Ukaja mwingine mwaka 2002, wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ukaonyesha kwamba mama mwenye dalili za awali akipewa dawa hiyo, hatari ya kufikia kifafa inapungua kwa zaidi ya nusu. Dawa ilikuwemo kabatini kwetu. Hatukuigusa kwa sababu tuliiogopa. Tulisikia inakata pumzi.

Tawi la chama likaandaa Jumamosi moja ya mada hiyo. Aliyefundisha alikuwa mkunga wa miaka mingi, na hakuonyesha slaidi hata moja. Alitugawia nyundo, akatukalisha wawiliwawili tukagongana magoti mpaka kila mmoja akajua goti zima linarukaje. Halafu akasema: kabla ya kila dozi tafuta vitu vitatu. Goti linaruka. Pumzi hazipungui 16 kwa dakika. Mkojo haupungui mililita 30 kwa saa. Dawa ikizidi, goti ndilo linalotangulia kunyamaza, pumzi hufuata baadaye, kwa hiyo una nafasi ya kusimamisha. Na ampuli ya kalisiamu glukoneti, dawa ya kuizimua magnesiamu ikizidi, ibandikwe kwa plasta kichwani pa kitanda, usije ukaanza kuitafuta stoo mama amebadilika rangi.

Hofu ya miaka minne iliisha kwa saa mbili. Nyundo ile bado iko mfukoni mwangu.

Zamu ya Pili:

Asante kwa kuanzisha. Yangu inauma lakini nitaisema.

Kuna semina ya sumu niliyosaini kitabu cha mahudhurio saa tatu asubuhi nikaondoka kabla ya chai. Pointi zangu zilihesabika kama za waliokaa. Haikupita hata mwezi, usiku, akaletwa kijana aliyekunywa dawa ya kuua wadudu shambani. Mate yanamtoka, kifua kinakoroma kama chungu kinachochemka. Nikampa atropini kidogo, nikamulika macho, nikaona mboni zimeanza kupanuka, nikadhani inatosha. Nesi niliyekuwa naye zamu alikuwa amekaa kwenye semina ile mpaka mwisho. Akaniambia kwa upole, "Daktari, walisema tusiangalie mboni, tusikilize kifua. Dozi inaongezwa mara mbili kila baada ya dakika tano mpaka kifua kikauke." Tukafanya hivyo. Kijana aliondoka kwa miguu yake.

Tangu siku hiyo sijasaini tena mahali ambapo sikukaa.

Nyundo ya Goti:

Zamu ya Pili, asante sana. Hata mimi nimewahi kusaini nikatoka, nashukuru wewe umelisema.

Mlezi wa Vichanga:

Mimi nataka kusema jambo ambalo vyeti havisemi: mikono inasahau.

Nilifundishwa kumsaidia mtoto asiyelia baada ya kuzaliwa kwa ile programu iliyozinduliwa mwaka 2010, ya dakika ya dhahabu. Mtoto anakaushwa, anafunikwa, anasuguliwa mgongo, na asipopumua uwe umeshaanza kumpulizia kwa mfuko na barakoa kabla dakika ya kwanza haijaisha. Nilifaulu vizuri. Cheti nikakitundika.

Miezi minane baadaye nikaitwa. Mtoto amelegea, rangi ya majivu. Nilijua kila hatua, ningeweza kukuandikia. Lakini barakoa haikukaa, hewa ilivujia pembeni ya shavu, kifua hakikuinuka. Nikabana kwa nguvu zaidi, ikavuja zaidi. Niliyekuwa naye akanyoosha mkono, akaisogeza shingo ya mtoto nyuma kidogo tu, kama anayenusa ua, akainua taya, kifua kikapanda. Kosa langu halikuwa la maarifa, lilikuwa la vidole.

Nikapeleka suala hili kwenye kamati ya elimu ya chama. Sikuomba kozi nyingine, niliomba mdoli. Tukapewa mmoja, tukauweka juu ya meza nje ya chumba cha kujifungulia, na mfuko na barakoa yake pembeni. Anayeingia zamu anapuliza dakika moja, pumzi 40, mwenzake anaangalia kifua. Hakuna fomu ya kujaza, hakuna pointi. Barakoa ya mdoli ule imeshabadilishwa mara mbili kwa kuchakaa, na mimi nikipita asubuhi nikaikuta ina joto la mkono wa mtu, nafarijika.

Ukiniuliza chama kifanye nini kwa ada zetu, nitasema kinunue midoli, na kongamano lipunguzwe siku moja.

Kliniki ya Pembeni:

Mlezi, hapo kwenye vidole umenigusa. Mimi niko peke yangu kliniki, daktari mwingine wa karibu ni mwendo wa saa moja. Kilichoniokoa ni kundi la kusoma.

Tuko wanne. Kila Alhamisi usiku makala moja, simu moja, dakika 40. Wazo lenyewe ni la zamani. Daktari William Osler alianzisha kundi la namna hii Montreal, Kanada, mwaka 1875, na sababu mojawapo ni kwamba majarida yalikuwa ghali, wakachanga wasome pamoja. Sisi tunapata majarida mengi kupitia Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani uliofunguliwa mwaka 2002 kwa taasisi za nchi zenye kipato kidogo. Kama hospitali yako imesajiliwa, mwombe mtu wa maktaba nywila.

Makala niliyoikumbuka nilipoona swali hili ni ile ya mwaka 2011 kuhusu watoto wenye homa kali walioishiwa mzunguko wa damu, utafiti uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania, watoto zaidi ya 3,000. Sote tulifundishwa kuwamiminia maji ya dripu haraka. Utafiti ukaonyesha waliomiminiwa walikufa zaidi: takriban 10.5 kwa 100 ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 kwa wasiomiminiwa. Niliposoma muhtasari peke yangu, nilitaka kesho yake niache dripu za haraka kwa kila mtoto. Mwenzetu mmoja, mtulivu sana, akasema, "Fungueni ukurasa wa nani hakuingizwa." Tukafungua. Watoto wa kuharisha sana hawakuwemo, wala wa utapiamlo mkali. Yule anayekauka kwa kuhara bado anahitaji maji yake, na ningemnyima.

Sijui ningejisamehe vipi. Makala ilikuwa sahihi, msomaji mmoja ndiye alikuwa na haraka.

Intani:

Shikamooni wakubwa zangu. Nasoma nanyamaza lakini naomba kuuliza. Mimi niko mwaka wa mafunzo kwa vitendo. Semina zote zinaangukia siku zangu za zamu, ruhusa haipatikani, nauli ni yangu, na nikiomba naambiwa mabingwa kwanza. Mtu kama mimi anaanzia wapi?

Katibu wa Tawi:

Marahaba mwanangu. Nimekuwa katibu wa tawi kwa miaka sita, nikujibu kwa niliyoyaona.

Kwanza, usiombe kuhudhuria, omba kuwasilisha. Andika mgonjwa mmoja aliyekutatiza, ukurasa mmoja, bila jina lake wala namba ya faili. Ruhusa ya anayekwenda kusema hupatikana kuliko ya anayekwenda kukaa. Pili, tuletee malalamiko kwenye chama kwa maandishi. Mwaka ule intani watatu walipoandika barua moja, tulihamisha vikao kutoka Ijumaa mchana kwenda muda wa kubadilishana zamu.

Na kwa kuwa uzi huu ni wa ukweli, niseme la upande wetu waandaaji. Miaka yangu miwili ya kwanza niliandaa mihadhara mitupu. Ukumbi unajaa, mzungumzaji mkubwa, slaidi 90, makofi. Baadaye nikasoma mapitio ya tafiti ya mwaka 1999: mihadhara ya kukaa na kusikiliza peke yake haikubadilisha utendaji wa madaktari, ila vikao vya kushiriki, vya kufanya kwa mikono na kujadili wagonjwa, vilibadilisha. Nilihuzunika, maana nilikuwa nimetumia ada za wenzangu.

Kingine ni wafadhili. Kampuni moja ya dawa ilijitolea kulipia ukumbi na chakula mwaka mzima. Sharti likaja polepole: mzungumzaji wawachague wao. Kisha mada. Kisha nikaona dawa moja ya shinikizo la damu inatajwa kwa jina la kibiashara mara nyingi kuliko neno chumvi. Tukakaa kama kamati mpaka saa nne usiku. Tukakataa. Vikao vikahamia chumba cha mikutano cha hospitali, chai ikawa ya kuchangia, waliohudhuria wakapungua karibu nusu. Waliobaki ndio wale wanaoleta majalada yao kuonyesha walichofanya. Siku hizi kila mwezi tunachagua kitu kimoja, kwa mfano wangapi kati ya wagonjwa wetu wa kisukari wamekaguliwa miguu mwaka huu, tunahesabu, tunarudi baada ya miezi mitatu kuhesabu tena. Kuhesabu kunauma. Ila hakuna aliyeondoka bila kujua la kufanya kesho.

Kliniki ya Pembeni:

Intani, naongezea. Tafuta pia vikao vya video vya kujadili wagonjwa na mabingwa. Mtindo huu ulianzia New Mexico, Marekani, mwaka 2003, pale Dkt. Sanjeev Arora alipoona wagonjwa wa homa ya ini aina ya C wanasafiri mbali na kusubiri miezi. Akawaunganisha madaktari wa mbali kila wiki, kila mmoja akileta mgonjwa wake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha wagonjwa wao walipona sawa na wa hospitali ya chuo kikuu. Leta mgonjwa wako. Ukikaa kimya umezima kamera, utaambulia kusinzia.

Mkasi:

Mimi ni wa upasuaji, sina maneno mengi. Orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, vipengele 19, ilipoletwa kwenye mkutano wetu nilipinga hadharani. Nilisema miaka 20 sijasahau mgonjwa wala upande. Wakaonyesha takwimu za hospitali nane zilizochapishwa mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa kila 100. Sikushawishika.

Kilichonishawishi ni kipengele kidogo nilichokiona cha kitoto, cha kila mtu kujitambulisha kwa jina kabla ya kisu. Wiki ya tatu, binti mpya kabisa aliyejitambulisha dakika tano zilizopita alisema, "Daktari, picha imebandikwa kinyume." Ilikuwa kinyume. Najua kwa hakika kwamba kabla ya hapo asingethubutu kufungua mdomo mbele yangu.

Nyundo ya Goti:

Mkasi, hiyo nitaisoma kwa wenzangu kesho, kwa ruhusa yako.

Wodi ya Watoto:

Naomba nilete la mwisho kwa upande wangu, halina dozi ndani yake.

Chama chetu kina kikundi cha kukaa na kuzungumza kuhusu mgonjwa mmoja, si ugonjwa wake, bali yaliyotupata sisi kwake. Michael Balint na mkewe Enid walianzisha vikundi hivyo London miaka ya 1950 na madaktari wa kawaida wa familia. Tunakaa kwenye viti vya duara, wanane, hakuna anayeandika, kinachosemwa hakitoki nje.

Nilikwenda baada ya kupoteza watoto watatu wiki moja. Nilikuwa nimeanza kupita haraka kwenye raundi, natazama chati, simtazami mama. Nikamweleza mmoja wa wale akina mama, nikatarajia wenzangu wataniuliza hemoglobini ilikuwa ngapi. Hakuna aliyeuliza. Mzee mmoja akasema tu, "Ulipomwambia, ulikuwa umesimama au umekaa?" Nilikuwa nimesimama mlangoni, mkono kwenye kitasa.

Kiapo cha Geneva kilipofanyiwa marekebisho mwaka 2017 kiliongezewa ahadi ya daktari kuitunza afya yake mwenyewe ili aweze kutoa huduma bora. Nilikuwa nimekisoma, sikukielewa mpaka pale kwenye duara. Sasa nikiwa na habari mbaya navuta kiti kwanza. Kiti ndicho nilichojifunza.

Intani:

Asanteni sana wakubwa zangu. Nimeshapata wenzangu wawili wa kusoma Alhamisi. Katibu, ukurasa wangu nautuma kesho, ni mama wa kifafa cha mimba tuliyempokea juzi. Nyundo ya Goti, naomba uupitie kwanza kabla haujafika kwenye kamati: goti lake lilikuwa linaruka upande mmoja tu, na sikujua nihesabu lipi.