Gemu za kutisha nyingi zinashtua tu, ipi iliwahi kukutia hofu ya kweli?

Mzawa_Tandika:
Wakuu za jioni. Jana nimemaliza gemu moja ya simu ya mambo ya mizimu, kila baada ya dakika mbili sura inachomoka na kelele mpaka earphone zinataka kupasuka. Nimeruka weee, lakini nilipozima nikala wali wangu nikalala fofofo. Dogo langu nalo likacheza, kufika raundi ya tatu linacheka tu. Sasa nauliza, ipi iliwahi kukufanya uogope kwenda chooni usiku, namaanisha choo cha uani cha uswahilini, na ilikufanya nini hasa?

kibanda_og:
Silent Hill ya 1999, ya PS1 (PlayStation ile ya kwanza), bila ubishi. Tulikuwa tunacheza kibandani watu kama nane, mmoja ameshika pedi wengine tunapiga kelele, na bado tulikuwa tunaogopa. Ukungu kila mahali, mbele huoni kitu, halafu una redio mfukoni, dude likikaribia inaanza kukwaruza. Yaani unaambiwa lipo ila huambiwi liko wapi. Na ule ukungu ni kwa sababu PS1 haikuwa na ubavu wa kuchora mji wote, wakaufunika. Umaskini wa mashine ndio ukazaa utisho.

Dada_wa_Sinza:
Mi Alien: Isolation (2014). Kuna dude la anga za juu linakuwinda, na lina kama akili mbili, moja inajua ulipo muda wote lakini haisemi, inatoa fununu tu "hebu elekea upande ule", ya pili ndo dude lenyewe linakutafuta kwa macho na masikio, kwa hiyo haliko pale kwa bahati mbaya na wala haliji moja kwa moja, linazungukazunguka karibu na wewe na huwezi kulikariri. Halafu kuseva sasa, yaani kuhifadhi ulipofikia!! Unachomeka kadi kwenye kimashine ukutani unasubiri taa ziwake, na gemu haisimami, unaweza kuuawa hapo hapo unaseva. Nilikaa kwenye kabati dakika kumi nzima hakuna kilichonitokea na hizo ndo dakika mbaya kuliko zote.

Bwana_Pedi:
Msiidharau sana kushtua jamani. Resident Evil ya kwanza, 1996, wale mbwa wanaopasua dirisha kwenye korido. Ni sekunde moja tu, ila baada ya hapo kila korido yenye dirisha ulikuwa unapita umekaza meno, na wala hakuna kitu. Tatizo la gemu yako mkuu ni kwamba inashtua kila saa, ishakuwa saa ya ukutani.

Dada_wa_Sinza:
@Bwana_Pedi hapo umenibamba, sina la kubisha 😅

mpemba_wa_Magomeni:
Nyie mnaongelea gemu, muulizeni mtu aliyekuwa visiwani 1995 kipindi cha Popobawa, lile pepo lililosemwa linavamia watu usiku. Watu walikuwa wanalala nje makundi makundi wamekoka moto, na ukiuliza nani kamuona, kila mtu ana maelezo yake, mara popo mara kivuli, maana kila mmoja alikuwa anamchora mwenyewe kichwani. Ndio maana mimi naipa kura Amnesia: The Dark Descent ya 2010. Huna silaha hata kisu. Kuna sehemu imejaa maji na dude halionekani kabisa, unaona tu maji yanaruka chwa chwa chwa yanakuja upande wako, unaruka kutoka boksi hadi boksi kama mtoto. Mpaka leo sijui lina sura gani na sitaki kujua.

Mzawa_Tandika:
Daah hilo la maji. Kwa hiyo langu lilinionyesha kila kitu mapema, nikalizoea. Naishusha Amnesia, laptop yangu ina RAM ya giga 4 itaweza?

mpemba_wa_Magomeni:
Inatosha, ile ni ya kizamani. Vaa headphone, zima taa.

Mzawa_Tandika:
Taa ishajizima yenyewe, huku umeme umekata tangu magharibi. Nangoja urudi, na chooni nimeshaenda kabisa.