Majirani wa Mtaroni: Mkutano wa Jumamosi

ALHAMISI

Mama Tunu, saa 12:35 asubuhi
Asalaam aleykum, na habari za asubuhi majirani. Tangazo limebandikwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa kwamba mkutano mkuu utafanyika Jumamosi saa 4 asubuhi, na ajenda ya tatu ni mitaro. Naomba kila nyumba itoe angalau mtu mmoja, kwa sababu mkutano uliopita tulikuwa watu kumi na wanane, na muhtasari ukaandikwa kwamba wananchi hawakuwa na hoja.

Mama Tunu, saa 1:50 asubuhi
Ujumbe umesomwa na watu ishirini na saba na hakuna aliyejibu. Nitaanza kutaja nyumba moja moja.

Denis Mpangaji, saa 2:15 asubuhi
Shikamoo mama. Mimi nimepanga chumba cha uani kwa Baba Careen na nina miezi minane tu hapa. Je, mpangaji anaruhusiwa kuzungumza, au ni mambo ya wenye nyumba?

Mama Tunu, saa 2:21 asubuhi
Marahaba mwanangu. Mkutano mkuu wa mtaa ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18, awe na nyumba au amepanga. Hiyo si hisani ya mwenyekiti. Katiba yetu, ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi, na mimi sijui madaraka hayo yatatufikia wapi ikiwa hatutakwenda kukaa chini ya ule mwembe na kuyapokea.

Fundi Shabani, saa 4:02 asubuhi
Soda zitakuwepo? Mkutano wa mwaka juzi niliondoka na kiu.

Baba Careen, saa 4:10 asubuhi
Jumamosi Yanga wanacheza, mwenyekiti angetufikiria.

Fundi Shabani, saa 4:11 asubuhi
Mechi ni ya jioni, jirani. Labda ninyi mnaanza kuomba dua tangu asubuhi.

Mama Tunu, saa 4:30 asubuhi
Majirani, turudi kwenye mtaro. Barabara za mtaani na mifereji yake zipo chini ya TARURA, wakala wa Serikali wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, na mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo hoja ya kuchelewa husubiri mwaka mwingine. Jambo lisiloandikwa kwenye muhtasari wa mtaa ni vigumu kufika kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ndiye mwenyekiti. Mwaka jana nilimwendea mheshimiwa peke yangu, nikamweleza kila kitu kwa uchungu, naye akaniuliza kwa upole: muhtasari wenu uko wapi? Nilirudi nyumbani nikakaa barazani muda mrefu. Miaka yote nimelalamika kwenye simu hii, na hapakuwa na karatasi hata moja iliyobeba kilio changu.

Mwalimu Rehema, saa 2:40 usiku
Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa nasahihisha madaftari. Nakubaliana na Mama Tunu, ila na sisi tujitazame. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, nilishuhudia mtaro huu ukipumua, na nikaamini kwamba sera inaweza kugusa hata mlango wa nyumba yangu. Leo umejaa mchanga, chupa, nepi za watoto na vifungashio vyepesi tunavyofungiwa nyanya gengeni. Huo mchanga umeletwa na mvua, lakini nepi zimetoka kwetu.

IJUMAA

Baba Careen, saa 1:20 asubuhi
Kabla ya kudai chochote kwa Serikali, tudaiane wenyewe. Mwaka 2021 kila nyumba ilitoa shilingi 20,000 za mifuniko ya zege. Iliwekwa mifuniko sita, na hesabu hazijasomwa mpaka leo. Mimi sitachanga wala sitasaini kitu mpaka nizione.

Baba Shaibu, saa 1:34 asubuhi
Ujumbe huu umefutwa.

Fundi Shabani, saa 1:36 asubuhi
Mimi nilishausoma.

Mama Tunu, saa 1:40 asubuhi
Nawaomba, jambo hilo lina siku yake. Nani ataandika barua ya hoja yetu?

Denis Mpangaji, saa 6:05 mchana
Nitaandika mimi, mama.

Bi Mwanahawa (anayeandika ni mjukuu wake), saa 3:10 usiku
Wanangu, nimesomewa yote. Desemba 2011 maji ya mto Msimbazi yalipopanda na kuingia humu ndani, nililala juu ya paa na watoto wanne, wawili si wangu, na kulipokucha tulihesabu watu kwanza, vyombo baadaye. Wenzetu waliohamishiwa Mabwepande mpaka leo wanatoka huko kuja kuzika pamoja nasi. Sitaki kusikia nani amekula shilingi ngapi kabla sijasikia nani atakwenda kesho. Na wewe Baba Shaibu, daftari la michango uliniletea nikutunzie, hukurudi kulichukua. Lipo sandukuni. Nitakwenda nalo.

Baba Shaibu, saa 5:25 usiku
Nimekusikia, mama. Daftari lisomwe, sina ninachokificha. Ila naomba lisomwe kwetu sisi tuliochanga, si mbele ya mtaa mzima.

Baba Careen, saa 5:31 usiku
Hilo tutalizungumza.

JUMAMOSI

Mama Tunu, saa 3:40 asubuhi
Nipo chini ya mwembe na Mwalimu Rehema. Nyumba zilizonihakikishia ni tano kati ya ishirini na mbili. Denis, barua iko wapi?

Denis Mpangaji, saa 3:44 asubuhi
Umeme umekatika pale steshenari, mama. Naandika kwa mkono, nimefika kwenye vipimo vya mtaro.

Baba Careen, saa 3:50 asubuhi
Nafungua duka kwanza. Msisaini kabla sijafika.

Mama Tunu, saa 3:52 asubuhi
Nani anampitia Bi Mwanahawa? Miguu yake haimfikishi huku.

Baba Shaibu, saa 3:58 asubuhi
Niko mlangoni kwake na bajaji. Anatafuta ufunguo wa sanduku.