MJADALA: Nyumba ya kwenye tela yenye sola na tangi lake, itambulike kama makazi au ni ujanja wa kukikwepa kijiji?

Fundi Tela (Tabora mjini)

Mwangaluka wakuu, na nyie wa Kigoma mwakeye. Mi ni mchomeleaji hapa Tabora, mageti, vitanda vya chuma, matela ya trekta, ndo kazi inayonilisha. Mwezi wa tano alinijia mteja, mrina asali, huyu mtu anaingia pori upande wa Sikonge wiki tatu mpaka nne analala kwenye turubai na ndorobo wanamtafuna, akaniambia fundi nichomelee chumba juu ya tela la matairi manne, kiwe na mlango wa kufunga, sola juu, tangi la maji chini, nikikivuta kwa trekta ya kukodi nakiweka kambini, msimu ukiisha nakihamisha. Nikakaa nacho wiki tatu. Mita 6 kwa 2.4, bati la migongo mipana nje, ndani plaiwudi, paneli 3 za wati 300, betri ya lithiamu, invata, tangi la lita 500. Sijisifu ila kilitoka kitu cha maana, watu wakawa wanapita karakana kupiga picha.

Sasa kasheshe. Kufika kwenye kijiji kimoja njiani (sikitaji) kikasimamishwa. Mtendaji anauliza hii ni gari au ni nyumba? Kama ni gari namba iko wapi, kama ni nyumba kibali na kiwanja viko wapi, na wewe mwenyewe ni mkazi wa kitongoji gani? Mteja anasema mimi ni mkazi wa humu humu ndani ya tela. Watu walicheka, mtendaji hakucheka. Akapewa siku 14 akitoe.

Ndo naleta mjadala. Kwa nini halmashauri zisizitambue hizi kama makazi halali, zikapewa namba na ada ya mwaka mambo yakaisha? Maana huku kwetu kuhama hakujaanza jana, babu zetu Wanyamwezi walikuwa wapagazi, walikuwa wanashuka pwani na pembe za ndovu na sufuria zao kichwani, jioni wanasimamisha vibanda asubuhi wanaondoka. Leo una warina asali, wakulima wa tumbaku wanaohamia mashamba mapya, wavuvi wa Ziwa Tanganyika, wafugaji ndo usiseme. Na Katiba ibara ya 17 inasema raia anaweza kwenda kokote na kuishi popote ndani ya nchi. Wazungu wanafanya hii kitu kama starehe, kuna kile kijumba cha umbo la yai cha Slovakia, Ecocapsule, kilitoka 2015, kina sola na panga la upepo juu, bei yake ilikuwa takriban euro 80,000, hiyo hela hapa Tabora unajenga mtaa. Ila wanafunzi wa Eindhoven kule Uholanzi walitengeneza gari la kulala linalojiendesha kwa jua, Stella Vita, 2021 wakaliendesha mpaka kusini kabisa mwa Hispania. Jua lao na jua la Tabora wapi na wapi jamani. Semeni.

Mama Ipuli

Fundi hongera kwa kazi. Nimesoma yote, sola, betri, invata, tangi, plaiwudi. Choo kiko wapi?

Mtendaji Mstaafu (Kasulu)

Kijana, mtendaji mwenzangu ulimwona mkorofi ila swali lake ni sahihi. Mtu akiugua usiku, akifiwa, akiibiwa, mtoto akitakiwa shule, wa kwanza kutafutwa ni mwenyekiti wa kitongoji. NIDA wanataka barua, benki wanataka barua, dhamana ya polisi inataka barua, na barua inaandikwa na mtu anayekujua unalala wapi. Sasa wewe unalala kwenye matairi, nani akuandikie?

Tena nikwambie kitu ambacho nyie vijana mnakisikia tu. Huku Kigoma Operesheni ya kuhamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa ilianza mapema, 1972, kabla ya nchi nzima. Nilikuwa mtoto. Tulikuwa tunakaa mbalimbali, kila mtu na migomba yake, tukapakiwa kwenye lori na mbuzi na mitungi tukashushwa mahali ambapo hakuna hata mti wa kivuli. Hoja ya serikali ilikuwa hiyo hiyo, hatuwezi kukupelekea shule na zahanati kama umetawanyika. Na kabla yao Waingereza walishakusanya watu kwa sababu ya malale. Kwa hiyo mimi simpingi anayetaka kuhama, kuhamishwa nakujua. Ila naona mtu anayejitoa mwenyewe kwenye rejista ya kijiji akaja kulalamika hana haki, hapo hapana. Bila kitongoji hata uchaguzi wa serikali za mitaa hupigi kura, maana daftari la wakazi ndo linaandikishwa pale.

Dagaa Mkavu (Kibirizi)

Shikamoo mzee. Ila mi niko upande wa fundi. Nyie wa bara mnaona nyumba ni tofali, huku ziwani maji yalipanda miaka ile ya 2020 na 2021 yakawafuata watu mpaka vitandani, nyumba za tofali zikabaki humo humo kwenye maji, waliojenga mabanda ya mbao walibomoa jioni wakahamia juu wakajenga tena. Nani alikuwa na akili hapo? Na sisi wavuvi kazi yetu ni giza, mwezi ukiwaka dagaa hawaji kwenye taa, unapumzika unahama kambi unamfuata samaki. Karabai tumeshaziacha saivi ni taa za betri na sola, kwa hiyo kwenye umeme msitufundishe.

Afu Kigoma hii ina kitu kikubwa kuliko tela lako. Meli ya Liemba ilitengenezwa Ujerumani 1913, ikafunguliwa yote ikatiwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaletwa Dar, reli ikaileta huku, ikaungwa upya na 1915 ikaingia majini. Meli nzima imesafiri vipande vipande, mnabishania kachumba ka mita 6!

Mama Ipuli

Bado nasubiri choo.

Sisemi utani. 2015 wakimbizi wa Burundi walipofurika Kagunga, kile kijiji kidogo cha ziwani, kutoka pale watu walitegemea meli, na meli ndo hiyo hiyo Liemba, ndani ya muda mfupi kipindupindu kiliwaingia. Watu wakikaa mahali pasipo vyoo hawahitaji hata mwezi. Sasa warina asali kumi na matela kumi kandokando ya kijito kimoja, chini ya kijito kuna watu wanachota.

Fundi Tela

Mama nimekubali, choo sikuweka, mteja alisema pori lipo. Nimeona kuna vile vyoo vikavu vinatenga mkojo, kinyesi unatupia majivu au maranda, kinakauka, naweza kuchomelea kiti chake siku moja. Nimeandika.

Mtoto wa Bomba (Tabora)

Mi nafanya kazi za maji, niwape hesabu kidogo maana hapa watu wanazungumzia sola kama vile ndo tatizo. Paa la mita 6 kwa 2.4 ni kama mita za mraba 14. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Tabora tunapata kama milimita 900 kwa mwaka, kwa hiyo paa zima ukikinga kila tone ni lita 13,000 kasoro, toa zinazomwagika na zinazooshea vumbi weka 10,000. Inasikika nyingi eeh? Sasa yote hiyo inanyesha kati ya Novemba na Aprili. Kuanzia Mei mpaka Oktoba ni jua tu. Familia ya watu 5 kwa dumu moja la lita 20 kila mtu ni lita 100 kwa siku, miezi sita ni lita 18,000. Utaziweka wapi? Lita moja ni kilo moja, hizo ni tani 18, tela lako linazama kwenye mchanga kabla ya kufika Sikonge. Lita 500 ulizoweka ni nusu tani na zinaisha siku ya 5.

Kwa hiyo fundi hiyo nyumba haijitegemei. Taa inajitegemea. Siku ya 6 unaenda kwenye kisima cha kijiji ambacho wenzako wamechangia, na ndo maana yule mtendaji hakucheka, mashine ikiharibika wewe ushafunga tela uko Kaliua. Watu wanapigana visimani kwa hilo hilo.

Buku Moja

Na kodi je? Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU ya umeme, ilianza buku kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mwenye tela hana LUKU, hana kodi, hana tanesko, hana mwenyekiti. Fundi nichomelee na mimi moja 😂

Mlinda Ng'ombe (Igunga)

Nyie mnajadili watu wa kuhama na hamna anayehama aliyeongea, haya naongea. Mimi nachunga. Sitaki tela. Ng'ombe haendi njia ya trekta, ng'ombe anaenda kwenye majani na maji, mara ni mbuga mara ni kichaka, hilo dude litanasa siku ya kwanza na mimi siwezi kuacha ng'ombe nikachimbe matairi. Ninachotaka ni njia ya mifugo isilimwe, lambo lisijae tope, na nikifika kijiji kipya nipokelewe kwa barua ya kijiji nilichotoka bila kuombwa ya soda. Sola ninayo, ya mgongoni, inachaji simu na tochi, imetosha. Mwenye kuhitaji tela ni huyo mrina asali anayekaa mahali pamoja mwezi mzima. Msitujumlishe.

Dada wa Mwanga (Kigoma)

Huyu kaka kasema kweli. Na kabla hamjaanza kuitaja Mongolia maana najua inakuja, wale wafugaji wana hema lao la sufu, ger, linafunguliwa na kufungwa kwa saa chache, na serikali yao kuanzia 2000 mpaka 2012 hivi iligawia familia zaidi ya 100,000 sola za kubeba kwa bei ya ruzuku. Imefanikiwa, sikatai. Ila baridi kali ikija inaua mifugo kwa mamilioni, mwenye hema akiishiwa anahamia pembeni ya Ulaanbaatar analisimika pale na halihami tena, hakuna bomba hakuna mfereji wa majitaka, wanawasha makaa ya mawe mpaka mji ukawa hauoni, 2019 wakapiga marufuku makaa ghafi. Mkiruhusu matela bila mpango msishangae baada ya miaka 10 yamejipanga kandokando ya Tabora, matairi yameliwa na mchwa.

Fundi Tela

Wakuu nimechapwa ila nimejifunza. Msimamo wangu nausogeza kidogo. Sitaki tena itambulike kama makazi kamili, Mtoto wa Bomba kanimaliza kwenye maji. Iwe kama kambi ya msimu, mwenye tela abaki na kitongoji chake cha nyumbani, na huko anakokwenda alipe ada ya kisima kwa miezi atakayokaa, kabla ya kuchota, sio baada ya kugombana. Na tela lijalo tangi nalitoa, naweka la pembeni kwenye tela lake dogo linakwenda kujaza na kurudi. Buku Moja wewe njoo na hela, utani hauchomelei.

Mzee wa Kasulu shikamoo, naomba unisaidie, hiyo barua mteja wangu aiombe kwa nani na iseme nini? Siku 14 zake zinaisha Ijumaa.

Mtendaji Mstaafu (Kasulu)

Marahaba. Aanzie kwa mwenyekiti wa kitongoji anakotoka, sio kwa mtendaji, wengi wanakosea hapo. Iandikwe jina lake, namba ya NIDA, kazi yake, anakwenda wapi, kufanya nini, kuanzia tarehe fulani mpaka tarehe fulani, muhuri. Neno nyumba lisiwemo. Waandike kambi. Na pori lenyewe kama ni hifadhi, kibali cha watu wa misitu ni kingine, hicho barua yangu haikitoi. Aende mwenyewe Alhamisi asubuhi, asikutume wewe, na aende na kilo moja ya asali ya mezani kwa mwenyekiti, si rushwa hiyo, ni mgeni kubisha hodi.

Mama Ipuli

Na choo kiwe kimeshachomelewa.